Lodi Erroll: jina kubwa la Uskoti lililozikwa Kiambu

Malori mengi yanayoleta mizigo yetu kutoka bandari ya Mombasa kwa njia ya kaskazini hupita Nairobi, hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na dereva akitazama kushoto kwake huliona Ziwa Naivasha kabla ya kushika njia ya Nakuru, Malaba na Kampala. Wafanyabiashara wa Bujumbura wanaokwenda Nairobi kwa basi wanapafahamu. Kando ya ziwa hilo kuna mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa plastiki, na waridi zake husafirishwa kwa ndege kwenda Uholanzi. Shamba mojawapo, upande wa kusini wa ziwa, linaitwa Oserian. Miaka mingi kabla ya maua, hapo palikuwa na jumba jeupe lenye kuba, lililojengwa kwa mtindo wa Waarabu wa Afrika Kaskazini, na Wazungu wa wakati ule walilipa jina la Jumba la Majini. Aliyekuwa akikaa humo alikuwa Mskoti, kabaila wa ukoo wenye zaidi ya miaka mia sita, kapteni wa jeshi, na mtu aliyekuwa na deni karibu kila alikopita.

Jina lake ni Josslyn Victor Hay, Earl wa 22 wa Erroll. Kenya walimwita Lodi Erroll, na rafiki zake Joss. Watu wengi wanamjua kwa kifo chake tu, maana kilipigiwa kelele hata wakati dunia nzima ilikuwa vitani. Lakini maisha yake yanaeleza zaidi kuliko kifo chake, hasa kwa sisi tunaoishi kwa kununua na kuuza: aliishi karibu miaka arobaini kwa mtaji mmoja tu, nao ulikuwa jina.

Tuanze na jina hilo. Earl ni daraja la juu katika ukabaila wa Uingereza, na hilo la Erroll ni la tangu karne ya 15. Warundi hawahitaji kufundishwa maana ya damu ya ukoo. Sisi tulikuwa na abaganwa, Bezi na Batare, na tunajua jinsi mtu alivyoweza kuheshimiwa au kuchukiwa kabla hajafungua mdomo. Wakina Hay walikuwa hivyo huko Uskoti. Mwaka 1314, mwaka ule ule Mfalme Robert Bruce alipowashinda Waingereza kwenye vita vya Bannockburn, alimpa Sir Gilbert Hay cheo cha Konstebo Mkuu wa Uskoti, yeye na kizazi chake. Asidhani msomaji kwamba ni konstebo tunayekutana naye kwenye vizuizi vya barabarani. Huyu alikuwa mkuu wa jeshi la mfalme, na hata cheo kilipobaki cha heshima tu, mwenye nacho alitembea mbele ya watu wote wa Uskoti katika sherehe za kifalme, nyuma ya wana wa damu ya mfalme peke yao.

Jambo jingine la ukoo huu litatufaa baadaye. Cheo cha Erroll hakizuiliwi kwa wanaume. Katika karne ya 18 kilishikwa na mwanamke, Mary Hay, na alipofariki mwaka 1758 kikaenda kwa James Boyd, mjukuu wa ndugu yake. James alihitaji cheo hicho kweli kweli. Baba yake, Earl wa Kilmarnock, alikuwa amejiunga na uasi wa kutaka kurudisha utawala wa ukoo wa Stuart, akatekwa Culloden, na mwaka 1746 akakatwa kichwa mjini London. Vyeo vyake vilitaifishwa. Cha Erroll kikawa salama kwa sababu kilipita upande wa mwanamke.

Tatizo ni kwamba heshima ilidumu na mali ikapungua. Makao ya ukoo yalikuwa ngome ya Slains, juu ya majabali ya bahari katika jimbo la Aberdeen. Mwandishi Bram Stoker alikuwa akienda mapumzikoni kijiji cha jirani wakati akiandika kitabu chake cha Dracula, na ngome hiyo inatajwa kila mara hadithi hiyo inapotajwa. Mwaka 1916 babu yake Joss aliiuza kwa tajiri wa meli. Mwaka 1925 paa likaezuliwa ili kukwepa kodi, na mpaka leo kuta zimesimama bila kifuniko.

Joss alizaliwa London tarehe 11 Mei 1901. Baba yake, Victor, alikuwa mwanadiplomasia, na mama yake, Lucy Mackenzie, binti wa mwenye ardhi wa Uskoti. Mwaka 1911, mtoto wa miaka kumi, alihudhuria kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano akimbebea babu yake taji la kikabaila. Akapelekwa shule ya Eton, wanakosoma watoto wa wakubwa, akafukuzwa kabla ya kumaliza. Mwaka 1920 alifuatana na baba yake ubalozini Berlin kama msaidizi asiye na mshahara. Alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa lugha, mwenye kumbukumbu kali, na alifaulu mtihani wa kuingia Wizara ya Mambo ya Nje. Njia ilikuwa imefunguka mbele yake.

Akaiacha kwa ajili ya mwanamke. Lady Idina Sackville alikuwa binti wa Earl, amemzidi Joss miaka minane, na alikwisha kuolewa na kuachika mara mbili. Katika ndoa ya kwanza alikuwa amewaacha watoto wawili wa kiume kwa baba yao. Walifunga ndoa Septemba 1923, na jamii yao ikawafungia milango. Kazi ya ubalozi haikuwezekana tena kwa mtu mwenye ndoa ya namna hiyo. Mwaka 1924 wakapanda meli kwenda Kenya, ambako Idina alikwisha kuishi na mume wake wa pili, na ambako fedha yake ingeweza kununua ardhi kwa bei nafuu.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana neno nafuu linataka maelezo. Ardhi ile ilikuwa nafuu kwa sababu ilikuwa imeondolewa wenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka maeneo ya Bonde la Ufa, pamoja na Naivasha, ili Wazungu walowezi wapate nafasi, na kwa mkataba mwingine wa 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia kusogezwa kusini. Nyanda za juu zikatengwa kwa Wazungu peke yao. Baada ya Vita vya Kwanza serikali iligawa mashamba kwa wanajeshi waliorudi. Tangu miaka hiyo hiyo, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi zake, ikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Bila kipande hakupata kazi, na bila kazi hakupata fedha ya kodi. Bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua, lilikuwa ndani ya mpango huo.

Huko ndiko Joss na Idina walikojenga nyumba yao. Wakaiita Slains. Fikiria hilo: ngome ya asili imeuzwa, paa lake linaezuliwa mwaka uliofuata, na mjukuu anachukua jina lake na kulipachika kwenye nyumba ya Afrika iliyonunuliwa kwa fedha ya mke.

Maisha ya Wanjohi yalijulikana mpaka Ulaya. Bonde lile likapata jina la Bonde la Raha, kwa karamu zisizokwisha, pombe, dawa za kulevya na wanandoa waliobadilishana. Sitakaa sana hapo; vitabu na filamu vimekaa vya kutosha, na filamu maarufu ya mwaka 1987 haikuonyesha kingine. Nitasema tu kwamba karamu zile zilikuwa na watumishi. Kulikuwa na waliochota maji ya kuoga, waliopasha moto, waliofua mashuka na kusimama mezani mpaka usiku wa manane. Wageni walizungumza mbele yao kama vile hawapo. Na siyo kwamba walowezi wote waliishi hivyo. Wengi walikuwa wakulima waliohangaika na kutu ya ngano na magonjwa ya ng'ombe, na waliwaona watu wa Wanjohi kuwa aibu.

Tarehe 5 Januari 1926, Idina alijifungua mtoto wa kike. Wakampa jina Diana Denyse. Alizaliwa Kenya, na ndiye mtoto pekee wa ndoa aliyeachwa na Joss. Mkumbuke, maana atarudi.

Julai 1927 babu alifariki, Victor akawa Earl wa 21. Alikishika cheo miezi saba tu. Februari 1928 naye akafariki huko Ujerumani, alikokuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza katika eneo la mto Rhine lililokaliwa na majeshi ya washindi. Joss, akiwa na miaka 26, akawa Lodi Erroll na Konstebo Mkuu wa Uskoti. Kama kulikuwa na urithi wa kufuatana na cheo, haukumtosha mtu wa matumizi yake. Ndoa na Idina ilivunjika mwaka 1930, na fedha ilikuwa sehemu kubwa ya sababu: mke aligundua kwamba mume alikuwa akitumia mali yake bila kiasi wala ruhusa. Mtoto alikwisha kupelekwa Uingereza, akalelewa na jamaa za mama yake. Alikua bila baba na bila mama, kama wale kaka zake wawili wa ndoa ya kwanza.

Mwaka huo huo wa 1930 Joss alimwoa Molly, aliyekuwa mke wa Meja Ramsay-Hill. Meja ndiye aliyelijenga lile jumba jeupe la Naivasha. Inasimuliwa kwamba kabla ya talaka alimvamia Joss kwa mjeledi mbele ya watu Nairobi. Mwisho wa yote, Joss alipata mke, na pamoja na mke akapata jumba. Oserian ikawa makao ya Earl wa Erroll: uwanja wa polo, ziwa mbele ya baraza, na bili zikalipwa na Molly. Kwa hesabu ya duka, huyu ni mtu aliyefungua biashara mbili kwa mtaji wa wake wawili na hakuandika daftari hata moja.

Hata hivyo ni kosa kumwona kama mlevi wa karamu tu. Kwanza, hakuwa mlevi. Wote waliomfahamu walisema alikunywa kwa kiasi. Pili, alipofikia miaka thelathini na kitu aligeukia siasa, na huko akili yake ikaonekana. Mwanzo wake haukuwa mzuri. Mwaka 1934 akiwa Uingereza alijiunga na chama cha Kifashisti cha Oswald Mosley, akarudi Kenya kukihubiri kwa walowezi, akieleza kwamba kingeutetea ufalme na biashara ndani ya makoloni. Mwaka uliofuata Mussolini alivamia Abisinia, na Wazungu wa Kenya wakaanza kuutazama Ufashisti kama jirani mwenye silaha. Joss akaachana nao. Mwaka 1937 alikwenda London kutimiza kazi ya ukoo wake katika kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita.

Mwaka 1939 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, akiwakilisha Kiambu. Msomaji wa leo aliyewahi kupita Kiambu atajiuliza walimchaguaje. Wengi wa wakazi wa Kiambu walikuwa Wakikuyu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kura. Waafrika wote wa Kenya walisemewa barazani na Wazungu walioteuliwa, mpaka mwaka 1944 alipoingia Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza. Erroll aliwakilisha walowezi wa kahawa. Kwa wao alikuwa mwakilishi mzuri: alisoma karatasi zake, alizungumza bila kuandikiwa, na alijua tarakimu.

Oktoba mwaka huo Molly alifariki, afya yake ikiwa imeharibiwa na pombe na dawa za kulevya. Joss akahamia nyumba ndogo Muthaiga, Nairobi.

Vita vilikuwa vimeanza. Alikuwa na cheo cha kapteni katika Kikosi cha Kenya, na mwaka 1940 akapewa kazi ya Katibu wa Kijeshi kwenye makao makuu ya Afrika Mashariki. Kazi hiyo haikuwa ya mapambo. Juni 1940 Italia iliingia vitani, na majeshi yake yalikuwa Somalia na Ethiopia, mpakani kabisa mwa Kenya. Nairobi ikajaa askari kutoka Afrika Kusini, Nigeria na Ghana ya leo, pamoja na King's African Rifles wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Malawi ya leo. Mji wetu, wakati huo ukiitwa Usumbura, ulikuwa chini ya Wabelgiji, na majeshi ya Kongo nayo yalielekea Ethiopia, ambako Julai 1941 yalipokea kusalimu amri kwa Waitaliano huko Saio. Katika msukosuko huo, kupanga watu na kujua nani aende wapi ilikuwa kazi nzito. Wengi walikiri kwamba Erroll aliifanya vizuri. Huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kufanya kazi ya mshahara kwa bidii ya kila siku.

Novemba 1940 waliwasili Kenya Sir Jock Delves Broughton na mke wake mpya, Diana Caldwell. Broughton alikuwa na miaka 57, mwenye mashamba na farasi Uingereza, ingawa mali yake nyingi ilikwisha kwenda. Diana alikuwa na 27. Walikuwa wamefunga ndoa Durban mwezi huo huo, kwa makubaliano ya ajabu: kama Diana angempenda kijana mwingine, Broughton asingemzuia, na angempa pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka saba. Ndani ya wiki chache Diana alikutana na Joss katika klabu ya Muthaiga. Kufika Januari hawakuficha tena.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1941 wote watatu, na rafiki mmoja wa kike, walikula pamoja Muthaiga. Broughton alinyanyua glasi akawatakia heri wapenzi hao mbele ya watu, akawaombea na mrithi. Kisha akamwomba Joss jambo moja tu, amrudishe Diana nyumbani Karen kabla ya saa tisa usiku. Joss na Diana wakaenda kucheza dansi. Kiasi cha saa nane na nusu alimfikisha mlangoni, akaagana naye, akaondoka peke yake ndani ya gari lake aina ya Buick.

Muda mfupi baadaye lori la maziwa lilipita kwenye njia panda isiyozidi kilomita tano kutoka nyumba hiyo. Ndani walikuwa wafanyakazi wawili Waafrika, watu wa kuamka usiku ili mji upate maziwa asubuhi. Waliona gari limeacha barabara, limeingiza pua kwenye shimo la changarawe, taa zikiwaka. Chini ya usukani, amejikunja sakafuni, alikuwamo mtu amekufa. Wao ndio waliotoa taarifa. Polisi walidhani ni ajali. Ni baadaye, mwili ulipochunguzwa, ndipo tundu la risasi lilipoonekana karibu na sikio. Wakati huo gari lilikwisha kuguswa na mikono mingi, na nyayo zilizokuwako zilikwisha kukanyagwa. Joss alikuwa na miaka 39.

Broughton alikamatwa mwezi Machi. Kesi ilianza tarehe 26 Mei mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan, na watu walijaa mahakamani kana kwamba hakuna vita. Siku kadhaa kabla ya mauaji, Broughton alikuwa amewaarifu polisi kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa. Upande wa mashtaka ulidai hazikuibwa, na kwamba risasi zilizomuua Erroll zilifanana na zile ambazo Broughton alizitumia kujifunza kulenga shabaha kwenye shamba la rafiki yake Nanyuki. Diana alimtafutia mumewe wakili kutoka Johannesburg, Harry Morris, na Morris alishinda kwa jambo la fundi chuma. Mtutu wa bastola huchongwa mifereji inayoizungusha risasi. Mifereji ya Colt hupinda kushoto. Alama kwenye risasi zilizomuua Erroll zilipinda kulia. Kwa hiyo hazikutoka kwenye Colt, na mashtaka yote yalisimama juu ya Colt. Tarehe 1 Julai Broughton akaachiwa.

Waliomwachia walikuwa baraza la raia walioapishwa, wote wanaume wa Kizungu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Kenya. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na raia wenzake. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kosa hilo hilo alihukumiwa na jaji, akisaidiwa na washauri ambao jaji hakulazimika kuwafuata. Sisemi kwamba hukumu ile ilikuwa mbaya; hoja ya risasi ilikuwa na nguvu, na mtu hafai kunyongwa kwa tetesi. Nasema tu kwamba kijana wa Kiambu asingepata mlango ule.

Mwaka uliofuata, Desemba 1942, Broughton alijiua kwa dawa ya mofini katika hoteli moja ya Liverpool. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Hapa Burundi, Mwanamfalme Rwagasore alipopigwa risasi kando ya ziwa tarehe 13 Oktoba 1961, aliyefyatua alijulikana, akahukumiwa na kuuawa, na ubishi ukabaki juu ya nani alikuwa nyuma yake. Kwa Erroll hata aliyefyatua hajulikani. Wapo wanaoshikilia kwamba ni Broughton, wapo wanaotaja wanawake aliowaacha. Mwaka 2000 mwandishi wa maisha yake, Errol Trzebinski, alitoa hoja kwamba ni majasusi wa Uingereza wenyewe, kwa sababu ya Ufashisti wake wa zamani na siri alizozishika. Binafsi naona hoja hiyo inahitaji watu wengi mno wanyamaze kwa muda mrefu mno. Mume aliyedhalilishwa hadharani huhitaji mtu mmoja tu.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Baba yake alipouawa, Diana Hay alikuwa na miaka 15, yuko Uingereza, na alikuwa hamjui baba huyo ila kwa jina. Na jina ndilo lililobaki kugawanywa. Mirathi ikakatika vipande viwili. Cheo cha Baron Kilmarnock, kilichotolewa mwaka 1831, kilikuwa cha wanaume tu, basi kikaenda kwa Gilbert, mdogo wake Joss, ambaye mwaka huo huo alibadilisha ukoo wake kutoka Hay kuwa Boyd. Lakini cha Erroll, kile cha zamani, kilikubali binti. Msichana aliyezaliwa Kenya akawa Countess wa 23 wa Erroll na Konstebo Mkuu wa Uskoti. Kanuni ile iliyomwokoa mtoto wa aliyekatwa kichwa ikamfikia na yeye.

Kwa muda mrefu haikumfungulia kila mlango. Wanaume wenye vyeo vya kurithi waliketi katika Baraza la Malodi la London. Wanawake wenye vyeo vile vile walibaki nje mpaka sheria ya mwaka 1963 ilipowaruhusu. Hapo Malkia mwenyewe alikuwa mwanamke, na kwa kweli alipata ufalme huo huko huko: Februari 1952 Elizabeth alikuwa Nyeri, upande wa pili wa milima ya Nyandarua, baba yake alipofariki.

Diana Hay aliolewa mwaka 1946 na Sir Iain Moncreiffe, bingwa wa nasaba za koo za Uskoti, wakapata wana wawili na binti mmoja. Wakaachana 1964 naye akaolewa tena. Alifariki mwaka 1978. Mwanawe mkubwa, Merlin, aliyezaliwa 1948, akawa Earl wa 24, na mwaka 2023 alipotawazwa Mfalme Charles, Konstebo Mkuu wa Uskoti aliyekuwamo Westminster alikuwa mjukuu huyu wa Lodi wa Naivasha.

Idina aliolewa mara mbili zaidi baada ya Joss. Wanawe wawili wa kwanza waliuawa vitani, mmoja 1943 na mwingine 1944. Alirudi Wanjohi, akafuga na kulima, akafariki mwaka 1955 wakati wa hali ya hatari, misitu ya Nyandarua juu ya bonde lake ikiwa kambi ya wapiganaji wa Mau Mau. Kuanzia mwaka 1962 mashamba ya Wazungu ya eneo hilo yalinunuliwa na kugawanywa kwa wakulima Waafrika katika mpango wa ekari milioni moja. Leo Wanjohi na Kinangop zinalisha Nairobi kwa viazi, kabichi, karoti na maziwa. Karamu za Slains hazikuwahi kuzalisha kiasi hicho.

Na yule Diana mwingine, wa Broughton? Mwaka 1943 aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa ng'ombe, naye akamnunulia Oserian, akakaa katika jumba la mpenzi wake aliyeuawa. Mwaka 1955 akaolewa na Lodi Delamere, akawa mmoja wa wanawake wenye ardhi nyingi Kenya, akafariki 1987 bila kusema alichojua, kama alijua. Oserian iliuzwa miaka ya 1960 kwa familia ya Zwager, ndio walioanzisha maua.

Joss alizikwa Kiambu, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Paulo, kando ya Molly. Kutoka katikati ya Nairobi ni mwendo mfupi wa matatu.